Mtafuteni dada aliyebaki

Shemeji yangu wa Nova Scotia, Kanada, ametuma picha kwenye grupu la familia. Fremu ya dhahabu, ndani yake ngao, upanga, na maneno ya Kilatini asiyoweza kuyasoma. Eti ni nembo ya ukoo wake, MacDonald. Ameinunua mtandaoni pamoja na nasaba iliyochapwa vizuri, inayomfikisha moja kwa moja kwa Robert the Bruce, mfalme wa kale wa Uskoti. Watu wakamiminika na hongera. Mimi nilinyamaza, maana ni shemeji. Ila hapa kwenye blogu sina shemeji.

Uskoti nembo si ya ukoo. Ni ya mtu mmoja, na ipo mahakama kule Edinburgh, ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo, yenye nguvu za kumshitaki anayejitwalia ya mwenzake. Hivyo ulichotundika ukutani ni mali ya mtu mwingine, hongera. Na zile nguo za mistari inayokatana, tartan, kila ukoo na yake? Sehemu kubwa ya mpangilio huo ni ya karne ya 19, baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822 na mwandishi Walter Scott kumpambia sherehe. Hata jina lenyewe si ushahidi wa damu. Wakulima wengi walichukua jina la bwana wa ardhi waliyolima, na wapo akina Fraser ambao inasimuliwa jina walilichukua ili wapewe unga.

Lakini kinachonikera hasa ni kwamba shemeji anawatafuta wanaume peke yao. Anafuata MacDonald, MacDonald, MacDonald, kwenye visiwa ambako ukiinua jiwe unamkuta John MacDonald.

Babu yake wa zamani aliondoka Skye, kisiwa cha Uskoti, kabla ya 1855. Huyo hana cha kutueleza. Labda yumo kwenye kitabu cha parokia, kama mchungaji alijisumbua kuandika, na kule milimani na visiwani vitabu vingi vilianza kwa kuchelewa. Wa kutueleza ni dada yake aliyebaki. Tarehe 1 Januari 1855 sheria ya Uskoti ilianza kudai kila kizazi, ndoa na kifo kiandikwe, na kwenye kifo wakataka jina la baba wa marehemu na la mama yake, pamoja na jina la ukoo alilozaliwa nalo mama huyo. Hebu fikiria bibi kizee aliyekufa mwaka 1860 akiwa na miaka 80. Daftari linakupa wazazi wake, watu wa karne ya 18 ambao hakuna karani aliyewahi kuwaona. Hao ndio wazazi wa yule kaka aliyepanda meli! Akina John MacDonald mia wanachujwa na jina moja la mama.

Huko Uingereza, majirani zao, vyeti vya ndoa vimeanza kuwaandika mama wa maharusi Mei 2021. Ndiyo, 2021. Waskoti walikuwa wanawaandika tangu 1855.

Halafu huyo dada aliolewa, tuseme, na Nicolson, na binti yake akaolewa na Beaton. Ndugu wa mbali wa wapwa zangu hivi sasa wanaitwa majina ambayo shemeji hajawahi kuyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Na mwanamke wa Kiskoti hakufutika akiolewa: kwenye hati, na mara nyingi hata kwenye jiwe la kaburi, alibaki na jina la kwao. Kwetu Pwani hilo halimshangazi mtu, binti wa fulani haachi kuwa binti wa fulani kwa sababu ya ndoa.

Vipi aliyezaa nje ya ndoa? Jina la baba liliachwa wazi, isipokuwa mwanaume akubali kuja kutia sahihi pamoja na mama. Mama akishinda kesi mahakamani, uamuzi uliandikwa kwenye daftari la masahihisho. Na kabla ya hapo kulikuwa na wazee wa kanisa, waliomkalisha msichana mbele yao na kumhoji mpaka amtaje mwanaume, huku katibu akiandika. Umbea uliobarikiwa. Kumbukumbu nyingi za vikao hivyo zinasomeka bure kwenye tovuti ya serikali yao, ScotlandsPeople. Nilizisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Wasichana wale walidhalilishwa, na leo sisi tunanufaika na aibu yao.

Haya, nakubali, daftari hudanganya. Aliyeripoti kifo huenda alikuwa mkwe asiyejua mama wa marehemu aliitwa nani, akabahatisha. Vipimo vya DNA vinasaidia, sawa. Na desturi yao ya majina inasaidia pia: mwana wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Wakikuyu hapo watatabasamu, ila binti wa kwanza wa Kiskoti alimfuata bibi mzaa mama. Tena huko kwa mama!

Picha ya ukurasa mmoja wa daftari inagharimu kama pauni moja na nusu. Fremu ya dhahabu sijauliza bei. Dada yangu nimemwandikia pembeni aanze na vifo vya Skye, kuanzia 1855, wanawake tu, na asimwambie mumewe mpaka apate mmoja.