Kulea Cavalier kuukuu Ohio: hesabu za pande mbili

Ukizungusha ufunguo, injini ikashika kwa sekunde moja kisha ikazima, usiendelee kuipigia starta. Tazama dashibodi. Ukiona taa ndogo ya usalama inawaka, uache ufunguo kwenye ON, pale pale ulipokuwa injini ilipozima, usiurudishe OFF, na usubiri. Dakika kumi, pengine kumi na mbili. Taa ikizimika, funga, washa upya, na gari litanguruma kana kwamba halijakukosea kitu. Mfumo huo unaitwa Passlock. General Motors (GM), wenye jina la Chevrolet, waliufunga kwenye magari yao madogo ili kuwakomesha wezi. Ni mwizi gani atakayetoka kwake usiku kuja kuiba Chevrolet Cavalier ya 2004, mimi simjui, ila mwenye gari nimeshakomeshwa mara nne, tatu kati yake alfajiri ya Januari hapa Columbus, baridi ikiwa nyuzi kumi chini ya sifuri.

Hizo dakika kumi ndizo tunazogombania nyumbani. Kwangu ni tengenezo la bure: hakuna spea, hakuna fundi, hakuna senti iliyotoka. Mke wangu anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, zamu yake inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kazini kwao kuchelewa kunaandikwa kwa pointi. "Baba Zuhura, gari halijaharibika, sawa," aliniambia siku moja huku akipuliza viganja vyake. "Nitakayeharibikiwa ni mimi."

Kwa asiyelijua, Cavalier ni gari dogo ambalo Chevrolet walilitengeneza tangu 1981 hadi 2005. Lilikuwa gari la mwanafunzi, la kijana wa kazi ya kwanza, la kupelekea watu piza, na baadaye likawa letu sisi wahamiaji. Langu liliundwa Lordstown, mji ulio kaskazini mashariki ya jimbo hili hili la Ohio, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka kwangu. Hilo sikuambiwa na muuzaji. Nilisoma namba ya chesisi. Inaanzia na 1, maana yake Marekani, na herufi yake ya kumi na moja ni 7, alama ya kiwanda cha Lordstown. Zilizoundwa Ramos Arizpe, Mexico, huanzia na 3. Nililinunua 2017 kwa dola 1,900 likiwa na maili 97,000. Leo lina 171,000.

Kila tukikutana kwenye arusi au msiba lazima atokee mtu wa kuniuliza kwa nini sikununua Corolla. Ni swali la haki. Sisi tumelelewa na Toyota, fundi wa chini ya mwembe anaifungua Corolla akiwa amefumba macho. Lakini Marekani sifa nayo ina bei. Mwaka ule nilioingia sokoni, Corolla ya umri huo na maili hizo niliikuta inatakiwa mara mbili ya pesa niliyotoa. Tofauti ile ya karibu dola elfu mbili ilininunulia spea kwa miaka kadhaa. Jina baya la Cavalier ndilo lililokuwa punguzo langu.

Na wanaoapa kwa jina la Toyota nina kawaida ya kuwachokoza kidogo. Katika miaka ya 1990, Marekani ilipokuwa inaibana Japani inunue magari yake, Toyota walikubali kuiuza Cavalier hii hii nchini Japani, usukani ukiwa kulia, nembo ya Toyota mbele. Iliuzwa hadi 2000 na Wajapani hawakuipenda hata kidogo. Kinyume chake kina faida zaidi kwa mnunuzi: kiwanda cha NUMMI kule Fremont, California, walichokiendesha GM na Toyota kwa ubia tangu 1984, kilitoa Geo Prizm, iliyokuja kuitwa Chevrolet Prizm, ambayo ndani ni Corolla, na baadaye Pontiac Vibe, ambayo ni ndugu wa Toyota Matrix. Soko linasoma nembo, injini haiisomi. Anayetaka gari kuukuu la Kimarekani lenye mifupa ya Kijapani atafute hizo mbili kabla ya kunisikiliza mimi.

Turudi kwenye langu. Injini yake ni Ecotec ya lita 2.2, ya cheni, si ya mkanda, kwa hiyo hakuna ile tarehe ya kubadilisha taimingi belti inayowanyima watu usingizi. GM waliifunga kwenye Cobalt, Malibu, HHR, Saturn Ion na kwingineko, ndiyo maana spea zake zimejaa. Chujio la oili liko juu, mbele ya injini, chini ya kifuniko kinachofunguka kwa soketi ya milimita 32. Unalibadilisha umesimama, na chini unaenda kufungua nati ya kumwagia tu. Plagi nne zinakaa chini ya kisanduku kimoja cha koili. Na kwa kuwa sheria ya Marekani iliyalazimisha magari yote madogo kuanzia toleo la 1996 yawe na soketi moja ya kupimia, kifaa cha dola ishirini kinakusomea kosa lililowasha taa ya injini ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Nina daftari. Mwaka uliokuwa mzito kuliko yote, 2021, gari lilinilia dola 1,140: rejeta, bearing mbili za magurudumu ya mbele, tairi nne, betri. Mwepesi ulikuwa 2019, dola 165, oili na pedi za breki basi. Rafiki yangu wa kazini analipia gari lake jipya dola 430 kila mwezi kwa miezi 72. Kwa mwaka ni dola 5,160, bado hujaweka bima kubwa anayolazimishwa na benki. Mimi bima yangu ni ndogo, ya kumlipa nitakayemgonga, kwa sababu gari lenyewe likifa sina cha kudai.

Wapenda magari makuukuu hufunga daftari hapo na kutangaza ushindi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi, na nilikuwa najidanganya. Daftari langu halina Jumamosi zangu. Halina siku mbili ambazo Mama Zuhura alikosa zamu, wala teksi ya simu ya dola 31 tuliyoiita saa kumi na moja alfajiri. Dar gari likikugomea unatoka barabarani unadandia daladala, utafika umebanwa ila utafika. Columbus ina mabasi, haina treni hata moja ya abiria, na mtu wa zamu ya alfajiri akikosa gari amekosa siku. Kwa hiyo gari la kuaminika kwa asilimia tisini na tano, ambalo Tanga lingekuwa gari zuri, kwa mfanyakazi anayelipwa kwa saa hapa linaweza kuwa ghali kuliko mkopo.

Upande wa pili nao una kosa lake. Utamsikia mtu: gari halina thamani ya dola mia tisa, utalitengenezaje kwa mia sita? Hapo amelinganisha visivyolingana. Sinunui gari upya kila ninapolitengeneza, nanunua miezi. Mia sita ikinipa mwaka mmoja, nimelipa dola hamsini kwa mwezi, na kwa hamsini hakuna yadi itakayonipa hata baiskeli. Swali la maana ni kama kilichoharibika kinaweza kufunguliwa kwa spana na kurudishwa kipya, au kinaoza.

Na hapa kinachooza ni chuma. Waliokulia Pwani wanajua upepo wa bahari unavyokula bati. Ohio haina bahari, lakini kila theluji ikianguka malori hupita yakimwaga chumvi barabarani, na chumvi ile inajipaka chini ya gari kuanzia Novemba hadi Machi. Oktoba 2022, nikiwa naegesha mbele ya duka la vyakula, nilikanyaga breki na pedali ikazama hadi kwenye zulia. Gari likasimama kwa brekimkono na ukingo wa barabara. Nilipoinama nikaona mafuta ya breki yanadondoka chini ya mlango wa nyuma. Paipu ya chuma, nyembamba kama kalamu, ilikuwa imevimba kutu mpaka ikapasuka. Dakika tano kabla nilikuwa kwenye barabara kuu, mwendo wa maili 65 kwa saa, mtoto kiti cha nyuma.

Gereji moja iliniambia dola 900. Nikanunua bunda la mita saba na nusu la paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo haishiki kutu na inapindika kwa mkono, nikaazima kifaa cha kutanulia ncha, nikalala chini ya gari wikiendi nzima. Nati za zamani ziligoma zote, nilizikata. Kisha kutoa hewa: mke wangu ndani, mimi chini. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Tulirudia mpaka giza likaingia, na hakunisemesha jambo jingine lolote. Gharama yote ilikuwa dola 84. Naiandika kwa fahari, lakini nikiwa mkweli, aliyestahili kuamua kama tengenezo lile lilikuwa la busara ni yule aliyekuwa anakanyaga pedali.

Serikali haitakusaidia kuamua. Ohio haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka wa breki na chesisi; kuna kipimo cha moshi, nacho ni kwa kaunti saba za upande wa Cleveland na Akron. Hakuna atakayelipandisha gari lako juu akakwambia basi. Kwa maskini hiyo ni nafuu, kwani ukaguzi mkali ungewanyang'anya magari watu wengi wenye kazi za saa. Kwa aliye mbele yako kwenye foleni si nafuu.

Kuna na jambo ambalo spana hailiwezi. Katika jaribio la kugonga kwa mbele, upande mmoja, la IIHS, taasisi ya usalama inayogharimiwa na kampuni za bima, Cavalier ya kizazi hiki ilipewa daraja la chini kabisa. Haina mfumo wa kulidhibiti gari linapoteleza, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote madogo kuanzia toleo la 2012. Unaweza kufunga breki mpya, shokapu mpya, tairi za theluji, na bado mlango ni ule ule wa 1995, mwaka wa toleo la kwanza la kizazi hiki. Sijawahi kupata jibu la hoja hii. Ninachoweza ni kupunguza maili.

Wala si kila gari dogo kuukuu la Kimarekani lina tabia ya Cavalier. Cobalt, iliyorithi nafasi yake, ndiyo ya kashfa ya swichi ya kuwashia iliyolegea, iliyoweza kuzima injini na kuua mifuko ya hewa gari likiwa mwendoni. Mwaka 2014 GM waliita mamilioni ya magari kurekebishwa, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Ukiikuta inauzwa, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya serikali ya usalama barabarani uone kama ilirekebishwa. Kazi hiyo hailipiwi hata ukiwa mmiliki wa tano. Ford Focus ya 2012 hadi 2016 ya otomatiki ina giaboksi ya klachi mbili kavu inayotetemeka kama mgonjwa wa malaria, na wenye magari walikwenda mahakamani kwa kesi ya pamoja. Focus hiyo hiyo ya gia za mkono haina shida hiyo, na kwa kuwa Wamarekani wengi hawajui kukanyaga klachi, unaweza kuipata kwa bei ya kuokota.

Wenye viwanda wenyewe wameshaondoka kwenye uwanja huu. Dodge Dart ilikoma 2016, Focus ikaacha kuundwa Michigan 2018, na Machi 2019 Chevrolet Cruze ya mwisho ikatoka Lordstown, GM wakafunga milango. Anayenishauri nichukue kitu kama hiki ila kipya, akinunua cha Kimarekani atanunua gari refu, zito, la bei nyingine kabisa. Bei ya wastani ya gari jipya imepita dola 45,000. Ndiyo sababu watu hawaachi walichonacho: mwaka 2024 umri wa wastani wa magari barabarani Marekani ulifika miaka 12.6.

Mwaka jana tukagawana. Mama Zuhura alichukua Pontiac Vibe ya 2009, kwa fedha taslimu, na haijawahi kumchelewesha. Cavalier imebaki yangu, ya kwenda kazini maili nne kwa njia za mitaani, mtoto hapandi. Nilidhani nimemaliza ubishi kwa kumpa kila mmoja wetu haki yake.

Mwezi uliopita niliweka jeki chini ya mlango wa kulia kubadilisha pedi. Gari halikunyanyuka. Jeki ndiyo iliyopanda, ikaingia ndani ya bodi taratibu, na chuma kikajikunja kama boksi la maziwa. Nikaitoa, nikachukua bisibisi, nikaanza kuchokoa kuelekea mbele: inazama, inazama, inazama, kisha karibu na gurudumu ikagonga kitu kigumu. Injini ilikuwa bado ya moto na haina tone la oili lililovuja. Mtu wa skrepa ameniahidi dola 350, atakuja Alhamisi na gari la kuvutia. Betri ni ya Septemba, nimeshaitoa.