Kipchoge na daftari la genge langu
Eti mtu wa mipango hukwama mambo yakigeuka ghafla, ndivyo makala moja niliyosoma inavyodai. Mimi naona kinyume. Mwanariadha Kipchoge alipokimbia marathoni Vienna 2019 kwa saa 1:59:40, kila kilomita ilipigiwa hesabu ya dakika 2 na sekunde 50, lakini siku yenyewe ya mbio iliachwa wazi hadi hali ya hewa ieleweke. Hapa gengeni ninapouza nyanya nilianza daftari la mauzo mwaka juzi: Jumamosi nyanya zinakwisha, Jumatatu zinalala. Sasa lori likichelewa najua nipunguze nini. Zamani nilikuwa natapatapa tu, namfokea kijana wa mkokoteni bure, maskini. Wenzangu wa biashara ndogo, nyie mnaandika au mnabeba kichwani?