Virusi, au kitu kisichotakiwa tu?

Kwenye steshenari moja ya Chikongola, Mtwara mjini, flashi ile ile ilichomekwa kwenye kompyuta mbili. Ya kwanza ilinyamaza. Ya pili ikatoa onyo juu ya programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word. Mwenye flashi, aliyekuja kuchapisha barua ya chama cha msingi cha korosho, akahamaki: "Kwani mimi nimeleta virusi?"

Hakuleta, na antivirusi haikusema hivyo. Iliandika PUA, herufi ambazo Microsoft huzitanguliza kwenye jina la programu ambayo huenda mtumiaji haitaki. Malwarebytes, kampuni nyingine ya antivirusi, huandika PUP, maana ile ile. Kaspersky, nayo ya antivirusi, hutanguliza maneno yenye maana ya "si virusi", na bado watu huyasoma kinyume.

Virusi hujulikana kwa vitendo: hujinakili, huiba nywila, hufunga mafaili. "Kisichotakiwa" ni hukumu. Programu imebadili ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, imekuja imebeba nyingine mgongoni, au imekutisha kwamba kompyuta ina makosa mamia kisha ikadai hela ya kuyafuta. Kila kampuni ina mstari wake, na antivirusi ya ESET hukuuliza wakati wa kuisakinisha kama unataka isake vitu hivyo. Kwa hiyo kompyuta mbili zikipishana, si lazima moja iwe mbovu.

Wanaotaka antivirusi iwe kali kwa programu hizi wana hoja nzito: nani husoma masharti wakati wa kusakinisha? Tunabonyeza tu mpaka mwisho. Lakini wenye programu nao wana lao. Mwaka 2016 Malwarebytes ilibadili vigezo vyake na kuanza kuziita PUP programu za mshindani wake, Enigma. Enigma ikaenda mahakamani, Marekani. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilisema kinga ya kisheria ya wanaochuja programu haimlindi anayemzuia mshindani ili kumharibia soko. Mwaka 2023 ikaongeza jambo ninalolipenda: kuiita programu "tishio" ni dai linaloweza kupimwa ukweli wake, kuiita "huenda haitakiwi" ni maoni. Majaji wale na mwenye flashi wa Chikongola walikuwa wanabishania kitu kimoja.

Mimi naegemea ukali kwa kompyuta ya steshenari, inayopokea flashi za mji mzima. Ya nyumbani, antivirusi imuulize mwenyewe kwanza. Kinachonikera zaidi ni mafundi wetu. Akikuwekea Windows ya kukraki, fundi huzima antivirusi kwanza, maana Microsoft huziita programu za kukrakia HackTool, yaani zana ya udukuzi. "Hiyo si virusi bosi, antivirusi inasumbua tu." Pengine ni kweli. Ila virusi halisi vikipita humo humo hakuna wa kupiga kelele, na kuiwasha tena fundi hakumbuki.

Kijana wa steshenari alinakili barua peke yake, akaichapisha, programu akaiacha karantini, kule antivirusi inakofungia inavyovitilia shaka. Mteja alilipa akaondoka, bado amenuna.