Acheni kuandika IP kwa mkono

Ukiingia ofisi nyingi ndogo za mjini, au shule yenye chumba cha kompyuta, utakuta kila mashine imeandikiwa anwani yake ya IP, namba inayoitambulisha mtandaoni, kwa mkono. Fundi alipita dawati kwa dawati, akafungua mipangilio ya mtandao, akaandika 192.168.1.11, akahamia mashine ya pili akaandika 192.168.1.12, mpaka chumba kikaisha. Muulize sababu, atakujibu: "DHCP inasumbua bwana, hii imetulia." DHCP ni utaratibu wa kifaa kimoja, mara nyingi ruta, kuzigawia mashine anwani bila mtu kuandika. Mimi nasema kinyume chake. Anwani ya mkono ndiyo inayosumbua, ila usumbufu wake hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana fundi akishalipwa na kuondoka.

Mara nyingi siku yenyewe ni ile ofisi inapohama kampuni ya intaneti. Vijana wa faiba wanakuja, wanafunga kiboksi chao ukutani, na kiboksi hicho kimetoka kiwandani na mtandao wake. Vingi vya Huawei vinatumia 192.168.100.1, ruta nyingi za TP-Link 192.168.0.1, MikroTik 192.168.88.1. Mashine zote zilizoandikiwa lango (ruta ya kutokea nje) la 192.168.1.1 zinaendelea kupiga hodi kwenye nyumba iliyokwishabomolewa. Kila moja inataka kufunguliwa na kuandikwa upya, na printa nayo, na kamera za ulinzi nazo, ambazo nenosiri lake aliondoka nalo yule fundi wa kwanza. Kama anwani zingekuwa zinagawiwa na seva ya DHCP, kazi yote ingekuwa kubadilisha mistari michache sehemu moja, halafu watu wawashe upya kompyuta zao waendelee na shughuli.

Kuna la laptopu pia. Mhasibu anaandikiwa anwani ya mkono kwenye Wi-Fi ya laptopu ya ofisi, anaipeleka nyumbani, haishiki intaneti. Simu ya mtoto inashika, televisheni inashika, laptopu haishiki. Ananunua bando, anapiga simu huduma kwa wateja, anazima na kuwasha ruta ya nyumbani. Kumbe mashine yake imeamriwa ijifanye iko ofisini popote iendapo. Na hata pale namba zikifanana kwa bahati, seva ya DNS iliyoandikwa humo, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, huenda ni ya kampuni ya zamani ambayo haiwajibu tena wasio wateja wake.

Kazi hii ilitafutiwa dawa zamani. Mwaka 1985 ilitoka itifaki ya BOOTP, ambayo ilizipa mashine anwani, ila msimamizi alipaswa kuiandikisha kila mashine kwanza. DHCP ikafuata mwaka 1993, na maelezo yake tunayoyafuata mpaka leo, RFC 2131, yaliandikwa na Ralph Droms na kutolewa Machi 1997. Kilichoongezwa kikubwa ni kwamba anwani inakodishwa kwa muda, haitolewi iwe ya kudumu, kwa hiyo mtu akiondoka anwani yake inarudi na kupewa mwingine.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Mashine ikiunganishwa haina anwani, kwa hiyo inatangaza kwa mtandao mzima: kuna anayegawa? Seva inajibu kwa kupendekeza anwani. Mashine inatangaza tena kwamba imeikubali ile ya seva fulani, seva inathibitisha. Ujumbe wa mara nne, juu ya UDP, njia nyepesi ya kutuma ujumbe mtandaoni, seva ikisikiliza bandari 67 na mteja 68. Pamoja na anwani vinakuja lango, seva za DNS na muda wa kukodi. Asipojibu mtu, kompyuta nyingi hujipa zenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo usihangaike na kivinjari wala kulaumu bando. Mashine haikumpata mgawaji. Angalia waya, angalia swichi, angalia seva.

Sasa, wanaosema DHCP inasumbua hawadanganyi kuhusu walichokiona. Wamekosea mshitakiwa tu. Ugonjwa mkubwa kupita yote katika mitandao yetu midogo ni kuwa na wagawaji wawili. Bosi anaona Wi-Fi haifiki chumba cha mwisho, ananunua ruta nyingine dukani, anachomeka waya kutoka ruta ya kwanza kwenye tundu lolote lililo wazi. Lile tundu ni la LAN, yaani la mtandao wa ndani, na ile ruta mpya imetoka kwenye boksi DHCP yake ikiwa imewashwa. Kuanzia hapo mashine ikiuliza, zinajibu ruta mbili, na kwa kawaida mashine hukubali jibu lililotangulia. Aliyepewa na ruta ya zamani anaperuzi. Aliyepewa na ruta mpya anaambiwa lango ni ile ruta mpya, ambayo yenyewe haina njia ya kutoka nje. Wi-Fi imejaa mistari yote, intaneti hakuna. Anazima na kuwasha, safari hii anaipata, jirani yake anaikosa. Hapo ndipo fundi anapochoka na kuanza kuandika namba kwa mkono. Dalili inatoweka, ugonjwa unabaki palepale unamsubiri mgeni wa kwanza mwenye simu.

Kuutambua hakuchukui muda. Kwenye Windows andika ipconfig /all, usome mstari wa DHCP Server katika mashine inayofanya kazi na katika ile isiyofanya. Namba zikitofautiana, mgawaji wa pili yupo, mtafute. Tiba ni kuingia kwenye ile ruta ya nyongeza, kuzima DHCP yake, na kuipa anwani isiyogongana na nyingine, au kuiweka katika hali ya akses pointi, ya kurusha Wi-Fi tu bila kugawa anwani, kama inayo. Ofisi yenye swichi zinazosimamiwa ina kinga nzuri zaidi inayoitwa DHCP snooping: unaiambia swichi tundu gani ndilo lenye seva halali, na majibu ya DHCP yakitoka tundu lingine lolote inayatupa. Nashangaa ni ofisi ngapi zimenunua swichi za bei mbaya zenye uwezo huo na hazijawahi kuuwasha.

Sababu ya pili ya lawama ni anwani kuisha. Mtandao wa kawaida wa /24 (alama hiyo ni ya ukubwa wa mtandao) una anwani 254 za kutumika, na baadhi ya ruta za nyumbani zinagawa 100 tu kati ya hizo. Ofisi ya watu wanane haitazimaliza. Mgahawa, gesti, ukumbi wa harusi au hotspoti ya vocha utazimaliza kabla ya jioni kama umeacha muda wa kukodi uwe siku nzima, maana aliyekunywa chai saa mbili asubuhi na kuondoka bado amekalia anwani yake mpaka kesho. Windows Server inapoanza huweka siku 8. Kwa kompyuta za mezani zisizohama si mbaya, kwa wapita njia ni balaa. Zaidi ya hapo, simu za siku hizi hazionyeshi anwani yao halisi ya MAC, namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe: Android tangu toleo la 10, iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujitungia anwani kwa kila mtandao zinaoingia. Jina la Wi-Fi likiwa tofauti, hata kama ni mtandao uleule nyuma, simu moja inahesabika kama watu wawili. Kwa wageni mimi naweka nusu saa au saa moja, na penye watu wengi napanua mtandao uwe /23, anwani 510, kuliko kuendelea kubana. Kwa wafanyakazi saa nane mpaka siku moja.

Kwa hiyo ukiniita kufunga mtandao wa ofisi yenye kompyuta ishirini, kazi ya kwanza ni karatasi na kalamu. Sichagui 192.168.0 wala 192.168.1, kwa sababu ndizo zilizoko majumbani mwa wafanyakazi, na siku wakitaka kuingia ofisini kwa VPN (njia iliyofichwa ya kupita kwenye intaneti) njia zitagongana. Nachagua tuseme 192.168.10. Ruta ni .1. Kuanzia .2 mpaka .49 naziacha kwa swichi, printa, kamera na mashine za malipo. Zinazogawiwa kwa kila ajaye ni .100 mpaka .220. Kwenye dnsmasq, programu ndogo ya kugawa anwani iliyomo ndani ya ruta nyingi bila wenyewe kujua, mpango huo ni mistari hii:

dhcp-range=192.168.10.100,192.168.10.220,255.255.255.0,8h
dhcp-option=option:router,192.168.10.1
dhcp-option=option:dns-server,192.168.10.1
dhcp-host=00:11:22:33:44:55,192.168.10.20,printa
dhcp-authoritative

Kwenye MikroTik, ambayo ndiyo naikuta zaidi, amri ya /ip dhcp-server setup inakuuliza maswali hayohayo moja baada ya jingine.

Mstari wa nne hapo juu ndio jibu langu kwa hoja kwamba printa lazima isibadilike anwani. Ni kweli isibadilike. Lakini itengewe kwenye seva kwa anwani yake ya MAC, yenyewe iendelee kuomba kama wengine wote. Itapata .20 kila siku, na siku ukibadilisha mtandao huigusi. Zaidi ya yote, orodha nzima ya nani ana namba gani inakaa sehemu moja inayosomeka, badala ya kukaa kichwani mwa fundi mmoja ambaye simu yake haipatikani. Simu za watu usizitengee. MAC zao za kujitungia zitakupotezea muda.

Kinachoandikwa kwa mkono kihalali ni kidogo: ruta yenyewe, seva ya DHCP yenyewe, na pengine swichi kuu, kwa sababu hivyo lazima vifikike hata mgawaji akiwa amelala. Na namba zake ziwe nje ya fungu linalogawiwa. Nimekuta kinasa cha kamera kimeandikiwa .105 katikati ya fungu, na kila juma kikigombana na simu ya mtu.

"Na seva ikizima, si ofisi nzima imekufa?" Swali zuri, ila jibu lake si baya kama linavyosikika. Mashine iliyokwishakodi haiombi tena kila dakika. Hujaribu kuhuisha ukodishaji nusu ya muda ikifika, ikikosa jibu inaendelea kuitumia anwani ileile, na ikifika asilimia 87.5 ya muda inaanza kumwuliza yeyote atakayesikia. Ukiwa umeweka saa 8, seva inaweza kulala karibu saa 4 na asiwepo wa kugundua isipokuwa anayeingia mpya au aliyewasha upya mashine yake. Na kama mgawaji ni ruta hiyohiyo inayoleta intaneti, ikizima hakuna cha kupoteza zaidi, intaneti yenyewe haipo.

Umeme ndio jambo la kufikiria kwa makini hapa kwetu. Umeme ukikatika, ruta ya bei nafuu huwa imesahau orodha ya wapangaji wake wote, kwa sababu iliiweka kwenye kumbukumbu ya muda. Laptopu zina betri, bado zinashikilia anwani zao. Umeme ukirudi, ruta inaanza kugawa kana kwamba fungu zima liko wazi. Itifaki imelifikiria hili: seva inashauriwa kuijaribu anwani kwa ping kabla ya kuipendekeza, na mteja akigundua inatumika anatakiwa kuikataa. Si kila kifaa kinafanya hivyo. Ndiyo maana napenda mgawaji awe kifaa kinachoandika orodha yake kwenye diski, na kiwe kwenye UPS, betri ya akiba, pamoja na swichi. UPS ya kompyuta ya bosi inaweza kungoja.

Hoja ya usalama ndiyo inayonichosha. Wapo wanaozima DHCP wakiamini kwamba mwizi wa Wi-Fi hatapata anwani. Aliyekwishapata nenosiri anasikiliza mtandao kidogo tu, anaona namba zinazotumika, anajiandikia yake. Umewasumbua wafanyakazi wako tu. Hatari ya kweli iko upande wa pili: DHCP haina namna inayotumika kwa kawaida ya kumthibitisha mgawaji, kwa hiyo yeyote aliye ndani ya mtandao anaweza kujifanya seva. Mei 2024 watafiti walionyesha shambulio waliloliita TunnelVision, ambapo seva ya DHCP ya uongo hutumia chaguo namba 121, la kutoa njia za mtandao, kuitoa safari ya data nje ya VPN bila mtumiaji kujua. Android ilisalimika kwa kuwa haiungi mkono chaguo hilo. Kinga kwa upande wa mwenye mtandao ni ileile snooping niliyoitaja, na kuwatenga wageni katika mtandao wao.

Kuhusu programu, angalieni mnachonakili mitandaoni. Maelekezo mengi bado yanakuambia usimike ISC DHCP, na programu hiyo ya seva watengenezaji wake wenyewe waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022. Mrithi wake ni Kea, ambayo mipangilio yake huandikwa kwa JSON na inaweza kuweka ukodishaji kwenye hifadhidata. Ni nzuri kwa chuo au kampuni inayouza intaneti. Kwa ofisi ya kompyuta ishirini sioni haja ya kuwasha seva ya Linux kwa ajili hiyo peke yake. Ruta inatosha, mradi iwe imepangwa, na nakala ya mipangilio yake aachiwe mwenye ofisi, pamoja na nenosiri.