Mgeni Siku ya Saba

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenye meli hii ya utalii wana subira kuliko wazee wetu. Wamengoja mpaka siku ya saba, kisha usiku wa kuamkia leo jembe lenyewe wakalipenyeza chini ya mlango sisi tumelala. Karatasi tatu. Moja ni hesabu ya deni. Moja ina lebo za mizigo, za zambarau, zimeandikwa namba 14. Ya tatu inatushukuru sana kwa kusafiri nao na kutuomba kesho saa mbili asubuhi tuwe tumeshatoka chumbani.

Na siku tunapanda pale Galveston, Texas, tulipokewa kwa muziki, tukatiliwa mkononi bilauri zenye vipande vya nanasi ukingoni. Nikamwambia mke wangu, watu hawa wakarimu. Kumbe yale mananasi nayo yamo kwenye hesabu.

Aliyenitia humu ni binti yangu, nesi huko Houston. "Baba, miaka thelathini umehesabu mizigo Kilindini, meli unazitazama kutoka gatini. Sasa nawe upandishwe." Nikapandishwa. Asichoniambia ni kwamba kwenye kushuka, abiria naye ni kontena. Ana lebo, ana namba, na hatoki mpaka namba yake itangazwe.

Chumba chetu kiko sitaha ya pili, hakina dirisha. Waswahili husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi huko tezi na omo sikupewa hata nafasi ya kwenda, nimefikia ngamani moja kwa moja. Kujua kama kumekucha ni lazima niwashe televisheni, kuna stesheni inayoonyesha omo ya meli tu, saa ishirini na nne. Nimesafiri nusu ya dunia kutazama bahari kwenye televisheni! Kibla ndiyo usiseme. Juzi kilikuwa mlangoni, leo kiko kwenye kabati la nguo, na dira ya simu ndani ya vyuma hivi inazunguka kama kuku aliyepigwa jiwe.

Chakula kipo, nisiwe mtovu wa shukrani. Kipo alfajiri, kipo adhuhuri, kipo saa sita usiku. Suruali niliyokuja nayo kifungo kimeshaaga. Lakini chai! Watu walioweza kuelesha mji mzima wa ghorofa wanakupa kikombe cha maji ya moto na kijifuko kina kamba, uchovye mwenyewe kama unavua samaki. Maziwa pembeni, baridi. Mlangoni yuko mtu anakuimbia na kukupulizia dawa mikononi, kwa sababu ya virusi vya kutapika na kuhara vinavyopenda kuzunguka melini. Binti yangu alishanionya kwamba dawa ile haiviwezi sana virusi hivyo, dawa yao ni maji na sabuni. Basi nanawa kama nakwenda kula pilau ya harusi, na foleni nyuma yangu inaguna.

Halafu viti vya bwawani. Nilidhani ni sisi tu tunaoacha ndoo kwenye foleni ya bomba na kwenda zetu kulala. Leo ni siku ya baharini, hakuna pa kushuka, kila mtu anataka jua la mwisho. Nimepanda juu saa kumi na mbili na nusu. Viti vyote vina taulo. Watu hamna! Taulo na kandambili moja, taulo na kitabu, taulo na miwani. Nikasimama pembeni ya kiti kimoja mpaka saa nne, mwenyewe hajatokea. Kwetu ndoo ya namna hiyo ingeshapigwa teke zamani.

Nikarudi kwenye ile hesabu. Kofia ya Cozumel, kile kisiwa cha Mexico, haimo, niliilipia taslimu. Lakini kuna mstari mmoja uliniondoa usingizi: dola 16 kwa kichwa kwa siku. Vichwa viwili, siku saba, dola 224, karibu shilingi 29,000 za kwetu. Si za chakula, si za chumba. Ni bakshishi, asante iliyokatwa kabla sijaitamka. Mimi nimezoea feri ya Likoni, mwenye miguu yake havuki kwa senti. Jirani mmoja wa mezani akaninong'oneza kwamba ukienda kaunta ukalalamika, wanaiondoa.

Nikaenda. Nusu ya meli iko pale, kila mtu na karatasi yake, na aliye mbele anabishana juu ya soda ya Jumanne. Dakika arobaini. Ubaya wa foleni ni kwamba inakupa nafasi ya kufikiri. Nikamkumbuka kijana wa chumba chetu, Mwindonesia, mkataba wake miezi tisa bila Jumapili. Mwanawe ameota meno, yeye ameyaona kwenye simu. Kila jioni anatukunjia taulo kuwa mnyama. Juzi alinikunjia tembo, mimi mtu wa Kenya, na akangoja aone kama nimempenda. Zamu yangu ilipofika, dada wa kaunta akauliza anisaidie nini. Nikaomba kalamu.

"Dakika arobaini kwa kalamu?" mke wangu akauliza. Nikamwambia ni ya kuandikia bahasha ya yule kijana. Bahasha nayo ikataka kitu ndani. Kwa hiyo nimetoka kwenda kupunguza dola 224, nimerudi zimekuwa 244.

Masanduku yalitakiwa yawe nje ya mlango kabla ya saa tano usiku. Mke wangu akafunga yote mapema, kazi safi, akayatoa. Saa tano na nusu nikamuuliza suruali ya kesho iko wapi. Akanyamaza. Ukiona mke wangu amenyamaza, jua kuna jambo.

Nikatoka koridoni na kikoi changu na fulana. Mizigo yote imeshasombwa. Nikawakuta wazee wawili wa Kizungu na nguo za kulalia nao wanatafuta, tukapeana salamu kwa vichwa. Mwisho wa korido nikakutana na kijana wetu. Akakitazama kikoi, akaushika upindo, akacheka: "Sarung!" Kwao pia wanaume hulala hivyo. Suruali hakuwa nayo ya kunipa, lakini alisema nimefunga vizuri.

Kwa hiyo kesho nitaingia Marekani na kikoi na koti la suti, lebo ya zambarau namba 14. Binti yetu atatungoja nje. Mke wangu amenisihi, kwa sauti nisiyoisikia tangu posa, nisimwambie nani aliyefunga sanduku.