Kompaila ya Zamani Ilikuwa Nyepesi, Lakini Ilifanya Nini?

Keti na mtu aliyejifunza kompyuta Kampala miaka ya tisini. Chai haitapoa kabla hajaitaja Turbo Pascal, kompaila ya enzi hizo, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kuendesha. Unabonyeza, imemaliza. Halafu atawacheka vijana wa leo wanaoperuzi simu huku wakisubiri programu ijengwe.

Sifa hizo si za uongo. Ilitoka Novemba 1983 kwa dola 49.95, wakati washindani walidai mamia. Toleo la 3.02 lilikuwa na baiti 39,731, kihariri na kompaila pamoja. Picha ya harusi unayotumiwa na shangazi kwenye WhatsApp inaizidi. Anders Hejlsberg wa Denmark aliiunda isome kodi (maandishi ya programu) mara moja tu, kila kitu kikiwa kwenye kumbukumbu, ilhali nyingine zilipita mara kadhaa na kumlazimu mtu abadilishe flopi (diski za kuhifadhia) katikati ya kazi.

Wanachokisahau wazee ni kwamba ilikwenda mbio kwa kuwa mzigo ulikuwa mdogo. Ikikutana na kosa la kwanza, inasimama. Rekebisha, bonyeza tena, ndipo ulione la pili. Kuinoa programu yenyewe iwe na kasi, haikujisumbua sana. Kompaila ya Rust, lugha ya kisasa ya kuandika programu, inatuchosha kwa kusubiri, kweli, ila inakagua matumizi ya kumbukumbu kabla programu haijawaka. Kwa mfumo wa pesa za simu, mimi nitasubiri hizo dakika bila kununa.

Ila si kila kusubiri kuna kazi ndani yake. Kuanzisha tovuti ndogo kwa JavaScript, lugha ya tovuti, unaweza kujikuta unashusha mamia ya vifurushi vya kodi iliyoandikwa na wengine, vingi hutavigusa kamwe. Uganda, tangu Julai 2021, bando linatozwa kodi ya asilimia 12 (ile ya serikali, si hii tunayoandika). Kijana wa Wandegeya, Kampala, anayetegemea hotspoti ya simu anaweza kumaliza bando la siku kabla hajaandika mstari wa kwanza. Hapo siwezi kusema wazee wanaota.

Machi 2025 Hejlsberg huyohuyo, aliyehamia Microsoft mwaka 1996, alitangaza kwamba kompaila ya TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript, inaandikwa upya kwa lugha ya Go. Kukagua kodi ya VS Code (kihariri cha kuandikia programu), mistari milioni 1.5, kulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Karibu nusu ya faida ilitokana na kugawa kazi kwa viini vingi vya prosesa (sehemu zake zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), ambavyo kompyuta za mezani za 1983 hazikuwa navyo. Vile vifurushi vya kushusha, lakini, viko palepale.