Bambo moja, gunia zima

Galaksi haiishii pale nyota zake zinapoishia. Imezungukwa na gesi nyembamba mno, isiyong'aa kiasi cha kupigwa picha kirahisi. Mwaka 1969 John Bahcall na Lyman Spitzer walitoa hoja kwamba mistari myeusi katika mwanga wa kwasa za mbali (viini vya galaksi ving'aavu mno) ni alama ya gesi hiyo, iliyo njiani kati yetu na kwasa.

Kila elementi hunyakua mwanga wake. Hidrojeni huchukua ule wa urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, oksijeni iliyopokonywa elektroni tano huchukua wa 103.2 na 103.8. Uzuri wa njia hii uko hapa: gesi ikipungua msongamano mara 10, mng'ao wake hufifia takribani mara 100, ila kivuli chake, yaani ule mstari mweusi, hupungua mara 10 tu. Ndiyo maana kamera hushindwa pale ambapo kivuli bado kinasomeka.

Lakini kwasa moja ni sawa na bambo lililochomwa mara moja kwenye gunia la mchele. Punje zinazotoka ni za kweli; je, kule chini? Utafiti wa COS-Halos ulichunguza galaksi 44, takribani kila moja kwa kwasa moja, ukakuta oksijeni hiyo imejaa kuzunguka galaksi zinazozaa nyota na ni adimu kwenye zilizoacha kuzaa. Kwa ulinganisho wa namna hiyo sina ubishi. Uzito wa gesi ndio unaonitia shaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya hidrojeni imepoteza elektroni yake na haiachi mstari wowote. Inabidi ikisiwe kwa modeli, na wataalamu bado wanabishana kama oksijeni ile imechomwa na joto la nyuzi 300,000 hivi au na mionzi.

Andromeda, galaksi jirani yetu, imetupa nafasi ya nadra. Iko karibu, miaka nuru milioni 2.5, hivyo gesi yake imetanda juu ya eneo kubwa la anga. Mwaka 2020 timu ya Nicolas Lehner ilitumia kwasa 43 nyuma yake, ikaona gesi ikifika miaka nuru milioni 1.3, na pengine milioni 2. Hapo gunia limechomwa sawasawa.

Chombo cha MUSE, kilichofungwa kwenye darubini kule Chile, sasa huchora ramani ya mng'ao wenyewe, ingawa hupendelea palipo na gesi nzito. Mistari ya Andromeda iko kwenye urujuanimno, ambao angahewa huuzuia. Inamtegemea Hubble, darubini iliyo angani, ambaye fundi wa mwisho alimgusa mwaka 2009.